Fedha za watoto, hundi ya baba: bima ya ulemavu ya kazini inapokutana na mafao ya serikali Marekani

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya studio usiku, dakika nne na ushee. Aliyeutuma ni msikilizaji wetu wa siku nyingi. Alianza kutusikiliza akiwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na tangu apelekwe Marekani anatupata kwa intaneti. Yuko jimbo la Iowa, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, ana mke na watoto watatu, na moyo wake umekuwa na matatizo kiasi kwamba madaktari wamemwambia kazi basi. "Dada," alisema, "serikali imewapa wanangu fedha, na kampuni ya bima inasema fedha hizo ni zake. Hii imekaaje?"

Mimi nina cheti cha utangazaji, sina shahada ya sheria. Lakini swali lake si la kwanza la aina hiyo kutufikia, na wanaouliza wote wana jambo moja linalofanana: walisaini karatasi wakiwa wagonjwa, hawakuzielewa, na walipopata fedha nyingi kwa mkupuo walidhani ni zao. Makala haya yanaeleza jinsi mifuko miwili ya Marekani inavyokutana, na kwa nini katika mikataba mingi kile anachopewa mtoto huishia kupunguza hundi ya mzazi. Tarakimu za msikilizaji wetu nimezizungusha kidogo ili hesabu ifuatike, na yeye ameridhia.

Mifuko miwili

Mfuko wa kwanza ni wa serikali. Karibu kila mfanyakazi Marekani hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya Social Security, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Wengi hudhani ni pensheni ya uzeeni tu. Ndani yake kuna pia fao la ulemavu, linalofahamika kwa kifupi chake SSDI. Lilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1956, na mwaka 1958 likaongezwa jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: mke au mume na watoto wa mlemavu nao wanaweza kulipwa kutokana na michango yake.

SSDI haitolewi kwa huruma. Ni lazima uwe umechangia vya kutosha, na kwa mtu wa miaka 42 kama msikilizaji wetu hiyo kwa kawaida ni miaka mitano ya kazi ndani ya 10 iliyotangulia ugonjwa. Tena ni lazima ugonjwa uwe unakuzuia kufanya kazi yoyote ya maana, si ile ya kiwandani peke yake, na uwe umedumu au unatarajiwa kudumu miezi 12, au kuishia kwenye kifo. Nusu ulemavu haupo: ama umepita ama hujapita. Halafu kuna miezi mitano kamili ya kusubiri ambayo hailipwi kabisa.

Mfuko wa pili ni wa kampuni binafsi. Waajiri wengi wakubwa huwakatia wafanyakazi bima ya ulemavu wa muda mrefu, na kwenye karatasi ya mshahara huandikwa LTD. Ukiugua, unasubiri siku 90 au 180, kisha bima inaanza kukulipa sehemu ya mshahara wako, mara nyingi asilimia 60. Huku kwetu bima ya namna hiyo si jambo la kawaida. Tunajua NSSF, PSSSF, na kwa walioumia kazini, WCF. Kwa hiyo mtu anayetoka Kigoma au Kivu akaikuta LTD kwenye karatasi ya mshahara huiona kama makato mengine tu, hadi siku atakapoumwa.

Kosa la kufikiri ni kudhani kwamba ukiwa na mifuko miwili basi utalipwa mara mbili. Bima ya kazini haikupangwa hivyo. Imepangwa kuhakikisha kwamba kutoka vyanzo vyote unafika kwenye ile asilimia 60, na serikali ikianza kulipa, bima inapunguza ya kwake kwa kiasi hicho. Wenye bima watakwambia ndiyo maana wanaweza kuuza kwa bei ndogo, na hilo si uongo.

Serikali kwa upande wake haifanyi hivyo. SSDI haipungui kwa sababu unalipwa na bima binafsi. Makato yanakwenda upande mmoja tu.

Miaka ya kambini ni sifuri

Kabla ya kufika kwenye makato, lazima tuone fao la serikali linapatikanaje, maana hapa ndipo wahamiaji wanapoumia bila kujua.

Social Security huchukua kipato chako cha miaka mingi kuanzia ulipotimiza umri wa miaka 22, hukirekebisha kulingana na kupanda kwa mishahara, huondoa miaka michache iliyo ya chini kabisa, kisha hutafuta wastani wa mwezi. Mwaka ambao hukufanya kazi Marekani huingia kama sifuri. Msikilizaji wetu alifika akiwa na miaka 32. Miaka aliyolima Fizi na miaka aliyokaa Nyarugusu haina chochote kwenye kompyuta za Social Security. Hata Mtanzania au Mkenya aliyechangia NSSF ya kwao kwa miaka 15 hapati nafuu, kwa sababu Marekani haina mkataba na nchi yoyote ya Afrika Mashariki wa kuunganisha michango.

Ndiyo sababu mshahara wake ulikuwa dola 4,000 kwa mwezi, lakini wastani wake kwenye kikokotoo cha serikali ulitoka kama dola 2,470. Kutokana na wastani huo, fao lake mwenyewe likawa takriban dola 1,500.

Sasa watoto. Mtoto wa mlemavu analipwa hadi afikishe miaka 18, au 19 ikiwa bado yuko sekondari kwa muda wote wa masomo. Aliyepata ulemavu kabla ya miaka 22 anaweza kuendelea kulipwa hata utu uzimani. Mama au baba mwenza naye anaweza kulipwa akiwa analea mtoto wa chini ya miaka 16. Kila mmoja kwa haki yake anastahili hadi nusu ya fao la mlemavu, ambayo hapa ingekuwa dola 750.

Lakini kuna kikomo cha familia. Kwa mafao ya ulemavu, familia nzima haiwezi kuvuka asilimia 85 ya ule wastani wa mwezi, wala asilimia 150 ya fao la mlemavu mwenyewe. Kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo, ingawa fao la mlemavu lenyewe haliguswi. Asilimia 85 ya 2,470 ni kama 2,100. Toa 1,500 za baba, zinabaki 600. Mke wa msikilizaji wetu ana kazi yake na hakuombewa, kwa hiyo hizo 600 zinagawanywa sawa kwa watoto watatu, dola 200 kila mmoja.

Shikilia hizo 600.

Maneno mawili ndani ya mkataba

Bima ya kazini ilikuwa ikimlipa asilimia 60 ya 4,000, yaani dola 2,400. Serikali ikaanza kumlipa 1,500. Hakuna anayebishana kwamba bima inaruhusiwa kutoa hizo 1,500 kwenye 2,400 na kumlipa 900. Swali ni zile 600 za watoto.

Mikataba iko ya aina mbili. Ipo inayokata fao la mwenye bima peke yake, na ipo inayokata fao lake pamoja na la familia yake. Tofauti inaweza kuwa maneno mawili matatu katika aya ndefu, na ndiyo inayoamua maisha ya nyumba.

Chini ya mkataba wa aina ya kwanza, bima inalipa 900, serikali inamlipa baba 1,500, watoto wanapata 600. Nyumba inaingiza dola 3,000.

Chini ya mkataba wa aina ya pili, bima inatoa 1,500, kisha inatoa na 600, inabaki kulipa 300. Nyumba inaingiza dola 2,400, kiasi kile kile ilichokuwa ikipata kabla watoto hawajapewa hata senti. Kwa mwaka, tofauti kati ya mikataba hiyo miwili ni dola 7,200. Watoto wamepewa, barua zina majina yao, lakini faida yote imekwenda kwa kampuni ya bima.

Mkataba wa msikilizaji wetu ni wa aina ya pili. Mingi ni ya aina hiyo.

Wengine hunijibu kwamba haiwezekani, fedha za mtoto ni za mtoto. Ni kweli ni za mtoto, na bima haiingizi mkono kwenye akaunti yake. Inachofanya ni kupunguza hundi ya baba kwa kiasi kinachofanana na cha mtoto. Wazazi wamekwenda mahakamani kwa hoja hii, na mahakama za Marekani kwa kawaida zimesoma maneno ya mkataba kama yalivyoandikwa. Kama mkataba umetaja fao la wategemezi, bima hushinda mara nyingi. Hali huwa chungu zaidi kwa waliotengana. Watoto wanaishi kwa mama yao jimbo lingine, fedha za serikali zinakwenda kwake, na baba mgonjwa anakatwa kwa fedha ambazo hazikupita mlangoni kwake. Mikataba michache hutoa nafuu katika hali hiyo, na katika majimbo mengi baba anaweza kuomba fedha hizo zihesabiwe kama sehemu ya matunzo anayodaiwa. Lakini ni lazima aombe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuupata mkataba wenyewe, maana kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka hakisaidii. Kwa wafanyakazi wa makampuni binafsi, sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA inamtaka msimamizi wa mpango kutoa hati hizo mfanyakazi anapoziomba kwa maandishi, na akipitisha siku 30 anaweza kutozwa faini. Wafanyakazi wa serikali na wa makanisa kwa kawaida hawamo ndani ya sheria hiyo. Hati ikifika, tafuta sehemu yenye kichwa kama "Other Income Benefits" au "Deductible Sources of Income". Humo ndimo yalipo majibu. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mpe mtoto wa sekondari akusomee neno kwa neno. Wengi wao wanakijua kuliko sisi.

Mkupuo unaodanganya

Social Security huchukua muda mrefu kuamua. Maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza, mtu anakata rufaa, anasubiri. Wakati huo wote bima ya kazini inalipa 2,400 kamili. Mwanzoni kabisa ilikuwa imempa msikilizaji wetu karatasi yenye machaguo mawili: ama tukulipe kamili sasa na uahidi kurudisha serikali itakapolipa, ama tukadirie fao la serikali na tulikate kuanzia leo. Alichagua kulipwa kamili. Nani asingechagua hivyo? Akasaini na kusahau.

Miezi 14 ikapita. Barua ya kukubaliwa ikaja pamoja na malimbikizo ya miezi yote 14. Ya kwake: 14 mara 1,500, dola 21,000. Ya watoto: 14 mara 600, dola 8,400. Jumla 29,400. Wakili aliyemsimamia anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, kwa kikomo kilichokuwa dola 9,200 mwaka 2025, na Social Security humkatia moja kwa moja. Hapa ada ilikuwa 7,350. Zikabaki 22,050: za baba 15,750 na za watoto 6,300. Hazikuingia siku moja. Za baba zilitangulia, za watoto zikafuata wiki kadhaa baadaye, kila mtoto na barua yake. Kuchelewa huko ndiko kulikomfanya aamini kwamba za watoto hazihusiani na zile nyingine.

Alifanya ambayo wengi wangefanya. Alilipa deni la gari. Alinunua kitanda na makoti ya baridi. Na fedha za watoto, karibu zote, alizituma Kasulu kuezeka nyumba ya mama yake, maana mvua zilikuwa zinakaribia.

Kisha ikaja barua ya bima. Ilisema katika miezi hiyo 14 alilipwa zaidi ya alichostahili kwa dola 29,400, na inazitaka. Yote. Hata ile 7,350 ambayo wakili alishaichukua.

Mambo matatu yafaa kujulikana hapa. La kwanza, mikataba mingi inaruhusu ada ya wakili itolewe kwenye deni, lakini si kila barua inakumbuka kuitoa. Msikilizaji wetu alituma nakala ya barua ya Social Security inayoonyesha ada ile, na deni likashuka kutoka 29,400 hadi 22,050. Barua moja, dola 7,350.

La pili, bima ina njia nyepesi ya kujilipa: inazuia hundi zako zijazo. Fedha za Social Security zenyewe zinalindwa na sheria dhidi ya wadai. Tena Januari 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Montanile iliyohusu mpango wa matibabu, iliamua kwamba mpango ulio chini ya ERISA hauwezi kufuata mali nyingine za mwanachama ikiwa fedha zilizodaiwa zilishatumika kwa vitu visivyofuatilika. Wapo wanaosimuliana uamuzi huo kama msamaha, na mimi nawaomba wasiegemee hapo. Haumzuii mwenye bima kushikilia hundi yake mwenyewe.

La tatu, kama unaona hesabu ina kosa, rufaa chini ya ERISA kwa kawaida ina siku 180 tangu upokee uamuzi. Siku hizo zikipita, mlango wa mahakama nao huwa mgumu kufunguka.

Msikilizaji wetu alikuwa amebakiwa na dola 11,000 benki. Alizirudisha. Deni lililobaki, 11,050, bima inalikata kwenye zile 300 zake za kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe: ni miezi 37.

Bati za bibi

Kuna jambo lilinipa tabu kumwambia, nikamwambia. Zile dola 6,300 hazikuwa zake kuzituma Kasulu.

Mzazi anayepokea fao la mtoto wa chini ya miaka 18 anakuwa mwakilishi wa malipo. Kisheria anashika fedha kwa niaba ya mtoto, na anatakiwa kuzitumia kwa mahitaji ya mtoto: chakula, sehemu ya kodi ya nyumba, nguo, matibabu, shule. Zikibaki, aziweke akiba kwa jina la mtoto. Tangu sheria ya mwaka 2018, mzazi anayeishi na mtoto hatakiwi tena kujaza ripoti ya kila mwaka, lakini wajibu wa kuweka kumbukumbu haukufutwa. Social Security ikiuliza, lazima uonyeshe zilikokwenda. Fedha zilizotumika vibaya mwakilishi anaweza kutakiwa azirudishe.

Kwetu mjukuu kumwezekea bibi ni heshima, na hakuna atakayeona ubaya. Lakini ofisa wa Social Security hatasoma bati za Kasulu kama mahitaji ya mtoto wa Iowa. Kama ukoo unahitaji msaada, mzazi atume kutoka fao lake mwenyewe, ambalo analitumia apendavyo.

Unaweza kuuliza: mzazi arudishe vipi kwa bima fedha ambazo sheria inasema ni za mtoto? Jibu ni kwamba bima inadai kile ilichomlipa zaidi mzazi, haidai fao la mtoto. Kwa hiyo mzazi mwenye mkataba wa aina ya pili anapaswa kutenga fedha za deni kutoka malimbikizo yake mwenyewe, akiacha za watoto zihudumie watoto. Kama msikilizaji wetu angeziacha 15,750 zake benki zisiguswe, deni lingebaki 6,300. Hilo lingemalizika kwa miezi 21 badala ya 37.

Basi tusiwaombee watoto?

Swali hili ndilo linalokuja baada ya maelezo yote haya, tena kwa hasira. Kama faida inakwenda kwa bima, kwa nini nihangaike?

Kwanza, mikataba mingi inakulazimisha kuomba kila fao unalostahili, na usipoomba bima inaweza kukadiria na kukata kana kwamba umelipwa. Utakatwa kwa fedha ambazo hukupata.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, bima ya kazini inaweza kuisha kabla ya ugonjwa kuisha. Mikataba mingi inakupima kwa kazi yako mwenyewe katika miezi 24 ya mwanzo, kisha inabadilisha kipimo na kuuliza kama unaweza kufanya kazi yoyote. Wengi huondolewa hapo. Siku bima ikiondoka, zile 600 za watoto zinabaki nyumbani zote, bila kukatwa. Ambaye hakuwaombea atabaki na 1,500 tupu, na akiomba wakati huo malimbikizo hayatarudi nyuma zaidi ya miezi 12. Tena SSDI ndiyo inayofungua Medicare, bima ya afya ya serikali, baada ya miezi 24 ya kustahili fao. Hiyo ni ya mlemavu mwenyewe, si ya watoto, lakini kwa mgonjwa wa moyo ni kubwa kuliko hundi.

Kuna kosa dogo ambalo familia inaweza kulinasa yenyewe. Karibu kila Januari mafao ya Social Security hupanda kulingana na gharama za maisha. Kwa mwaka 2025 yalipanda asilimia 2.5. Mikataba mingi inasema nyongeza hizo hazikatwi, yaani makato yanagandishwa pale yalipoanza. Linganisha hundi ya Desemba na ya Februari. Kama ya bima imeshuka, uliza kwa maandishi.

Na mtoto akifikisha miaka 18? Hapa kikomo cha familia kinafanya jambo ambalo watu hawalitarajii. Mkubwa akitoka, zile 600 hazipungui. Wawili waliobaki wanapata 300 kila mmoja. Wakibaki mmoja, anapata 600 zote, kwa kuwa bado ziko chini ya nusu ya fao la baba. Kwa hiyo bima nayo haibadilishi kitu. Ni siku kitinda mimba anapotoka ndipo makato ya 600 yanatakiwa kuondoka na hundi ya baba kupanda. Bima haina sababu ya kukimbilia kukumbuka tarehe hiyo. Iandike wewe ukutani.

Wasiohusika na hesabu hii

Usichanganye SSDI na SSI. Herufi zinafanana, mambo ni mbali. SSI ni msaada kwa maskini wenye ulemavu au wazee, hauangalii michango, na kiwango chake cha shirikisho kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967. Hapa upande unageuka: serikali ndiyo inayokata. Ukilipwa na bima ya kazini, SSI inaondoa dola 20 za mwanzo na kukata zilizobaki dola kwa dola. Mtu anayelipwa 2,400 na bima hapati SSI kabisa. Akiba nayo isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, na wakimbizi wasiochukua uraia wana kikomo cha miaka saba. SSI haina sehemu ya wategemezi.

Aliyeumia akiwa kazini na analipwa fidia ya wafanyakazi yuko kwenye hesabu nyingine pia. Fidia hiyo ikijumlishwa na SSDI ya familia nzima haitakiwi kuvuka asilimia 80 ya kipato chake cha kabla ya kuumia. Ikivuka, katika majimbo mengi ni Social Security inayopunguza, na mara nyingi huanza na sehemu ya mke na watoto.

Kodi nayo ipo. Kama mwajiri ndiye aliyelipia bima ya LTD, malipo yake hutozwa kodi ya mapato. Kama ulilipia mwenyewe kwa fedha zilizokwisha kukatwa kodi, hayatozwi. Fao la mtoto huhesabiwa kuwa kipato cha mtoto, si cha mzazi, hata kama hundi imeandikwa jina la mzazi kama mwakilishi. Mwaka unaporudisha deni kwa bima, mpelekee mtayarisha kodi barua zote mbili, ya Social Security na ya bima, kwa sababu huenda ulishalipa kodi kwa fedha ambazo sasa unazirudisha.

Msikilizaji wetu aliniuliza jambo la mwisho, kama anaweza kuiandikia bima imkate dola 150 badala ya 300 zote. Anaweza kuomba. Makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yapo, na kampuni hazilazimiki kuyakubali. Amekwisha kuandika, kwa barua ya rejista, na nakala ameihifadhi.